Hulka, Ghadhabu na Mwendo wa Moyo: Mwongozo kwa Mwenye Kiherehere cha Moyo

Mtu ambaye moyo humwenda mbio pasipo kukimbizwa na kitu, au huruka pigo moja kisha ukapiga la pili kwa kishindo, aghalabu hukutana na hukumu mbili kabla hajakutana na tabibu. Ya kwanza hutoka kwa jamaa na majirani, nao humwambia kwamba ni mawazo tu, apunguze hamaki, au kwamba ana pepo wa kupungwa. Na ya pili hutoka katika nafsi yake mwenyewe, inayomnong'oneza usiku kwamba moyo umekwisha na mauti yamo mlangoni. Mwongozo huu umeandikwa ili kukuepusha na hukumu zote mbili, kwa sababu zote hutolewa bila ushahidi, na ushahidi wa jambo hili hupatikana kwa kuhesabu, kuandika na kupima.

Nasema mapema ninaloamini, ili usije ukadhani kwamba nakwepa: hulka ya mtu na misukosuko ya maisha yake huugusa mwendo wa moyo kweli kweli, wala hilo si porojo la wazee, ila mara nyingi huugusa vibaya moyo ambao tayari una mahali pake palipodhoofika. Kwa hiyo utaratibu wetu utakuwa kupima kwanza, na kuishughulikia hasira baadaye.

Moyo unavyopata mwendo wake

Katika ukuta wa chumba cha juu cha kulia cha moyo pana kifundo kidogo cha chembe, kilichogunduliwa Uingereza na Arthur Keith pamoja na mwanafunzi wake Martin Flack mwaka 1907, ambacho hutoa umeme hafifu mara 60 mpaka 100 kwa dakika mtu mzima akiwa ametulia. Umeme huo hupita katika vyumba viwili vya juu, ukasita kidogo katika kituo kilichoko katikati, kisha ukashuka katika vyumba viwili vya chini, navyo vikajikaza na kusukuma damu. Kifundo hicho hujiendesha chenyewe, lakini hakikuachiliwa kabisa: kundi moja la mishipa ya fahamu hukihimiza, na mshipa mrefu utokao kichwani, uitwao vagasi, hukituliza. Mtu akighadhibika, akigutuka au akiletewa habari mbaya, ubongo huliamrisha lile kundi linalohimiza, tezi zilizokaa juu ya mafigo zikamimina adrenalini katika damu, na moyo ukapiga kwa kasi na kwa nguvu.

Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza mwaka 1915 kwamba haya ni matayarisho ya mwili kwa ajili ya kupigana au kukimbia, na mwenye kukutana na nyoka kichakani atashukuru kuwa nayo. Taabu ni kwamba dhiki nyingi za leo hazina wa kupigana naye wala pa kukimbilia. Mama anayedaiwa ile mikopo inayoitwa kausha damu, karani asiyejua kama kazi itakuwapo mwezi ujao, kijana anayengoja majibu ya mahakama ya ardhi, wote hukaa kitini ilhali miili yao imejiandaa kwa vita, wakakaa hivyo siku baada ya siku, na adrenalini isiyotumika huzifanya chembe za moyo kuwa nyepesi kutoa umeme pasipo zamu yake.

Bernard Lown, tabibu wa moyo wa Boston, na wenzake walilijaribu jambo hili kwa wanyama katika miaka ya 1970. Mbwa aliyewahi kupewa mshtuko mdogo wa umeme akiwa amening'inizwa katika mkanda, aliporejeshwa mahali pale pale bila hata kuguswa, moyo wake ulikuwa mwepesi zaidi kuharibika mwendo kuliko alipokuwa katika kizimba alichokizoea. Kumbukumbu ya adha, peke yake, ilitosha.

Kwa wanadamu, ushahidi umeletwa na majanga na michezo. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Los Angeles, na siku ile watu 24 walikufa ghafla kwa maradhi ya moyo, ilhali wastani wa siku za kabla yake haukufika watu 5. Na katika siku zilizofuata idadi ikashuka chini ya ule wastani, jambo linaloonyesha kwamba tetemeko liliharakisha mauti ya wengi ambao mioyo yao ilikuwa tayari mibovu. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006, mjini Munich na vitongoji vyake, dharura za moyo, pamoja na mioyo iliyopoteza mwendo, zilizidi maradufu katika siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, na kwa wale waliojulikana kuwa na maradhi ya mishipa ya moyo zilifika kiasi cha mara nne. Mashabiki wa Simba na Yanga wasicheke. Jahazi zima huvuka upepo wa kusi ule ule unaolizamisha jahazi lenye ubao uliooza, na kazi yako ni kujua ubao wako ukoje.

Je, iko hulka iletayo maradhi haya?

Mwaka 1959 matabibu wawili wa San Francisco, Meyer Friedman na Ray Rosenman, walieleza mtu waliyemwita wa aina ya A: mwenye haraka, mwenye kushindana hata pasipo shindano, mwepesi wa kukasirika, asiyeweza kungoja foleni. Walisema ndiye mwenye kupatwa sana na maradhi ya mishipa ya moyo, na maneno yao yakaenea duniani. Uchunguzi wa baadaye haukuyaunga mkono kama yalivyosimama, na tena ikadhihirika kwamba makampuni ya tumbaku yalikuwa yakigharimia sehemu ya utafiti wa hulka hiyo, maana yalipendezwa sana lawama iiangukie tabia ya mvutaji kuliko sigara yake. Ndiyo maana nakusihi usimwamini upesi mtu anayekugawia hulka kwa herufi.

Hata hivyo, baada ya kuchujwa, kitu kimoja kilibaki katika chekeche: ghadhabu na uadui wa moyoni. Katika mji wa Framingham, Massachusetts, ambako watu wamekuwa wakifuatiliwa afya zao tangu 1948, ilitangazwa mwaka 2004 kwamba wanaume waliokuwa na hasira nyingi na wenye kuwadhania wenzao mabaya walipata zaidi, katika miaka kumi, ule ugonjwa ambao vyumba vya juu vya moyo hupapatika badala ya kupiga. Kwa wanawake uhusiano huo haukuonekana. Naye Johan Denollet, mwanasaikolojia wa Ubelgiji, alieleza katika miaka ya 1990 hulka nyingine, ya mtu anayeona mabaya kila upande na akayafungia kifuani kwa kuchelea watu watasemaje. Matokeo ya mwanzo juu ya hulka hiyo yalikuwa makali kuliko yale yaliyofuata. Lakini kila aliyeishi miongoni mwetu anamjua mtu huyo, anayesema "sijambo" huku macho yanasema jingine, na hakuna hasara kumshauri apate wa kumwambia.

Basi usiifanye hulka yako kuwa dhambi. Hukuichagua, na haibadiliki kwa amri. Mwenendo ndio ubadilikao, tena kwa mazoea.

Kwa nini "ni mawazo tu" ni maneno ya hatari

Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1996, wa watu 190 waliokwenda hospitali kwa sababu ya mapigo ya moyo, 43 katika kila mia walikuwa na tatizo la moyo wenyewe, na 31 katika kila mia walikuwa na wasiwasi au maradhi mengine ya nafsi. Hivyo majirani husema kweli mara nyingi, na mara nyingi zaidi hukosea. Mwaka uliofuata ukatokea uchunguzi mwingine huko huko, wa watu 107 waliokuwa na mbio za ghafla zitokanazo na njia ya ziada ya umeme moyoni: zaidi ya nusu yao hawakutambuliwa walipoonwa mara ya kwanza, wengi wakaambiwa ni hofu na dhiki, na waliocheleweshwa hivyo zaidi walikuwa wanawake.

Katika nchi zetu iko sababu nyingine ya kutolipuuza jambo hili. Mtoto aliyeugua koo akaachwa bila dawa huweza kupata homa ya baridi yabisi, nayo ikamla vali za moyo kimya kimya, mpaka awe mwanamke wa miaka thelathini ambaye moyo humwenda ovyo akipanda ngazi. Jamaa wakasema ni mawazo ya ndoa, ilhali damu inaganda ndani ya chumba kinachopapatika, na bonge lake likipanda kichwani ni kiharusi. Presha ya muda mrefu, rovu, upungufu wa damu, mimba na homa kali, vyote huweza kuuharibu mwendo wa moyo, na vyote hujificha nyuma ya neno moja: mawazo.

KISANDUKU CHA HADHARI

Nenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, ukiona mojawapo ya haya:

• Umezimia au umekaribia kuzimia, na hasa ikiwa ni katika kukimbia, kuogelea, au baada ya kugutushwa na kelele.
• Kifua kinabana au kuuma, au pumzi inakatika.
• Mapigo yamezidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia, na nusu saa imepita hayajashuka. Au yamepungua chini ya 40 na una kizunguzungu.
• Mdomo umepinda, mkono umelegea, ulimi umekuwa mzito.

Nenda upimwe karibuni, hata kama leo hujambo, ikiwa ndugu wa damu alikufa ghafla kabla ya kufika miaka 40, au umewahi kuambiwa una ugonjwa wa vali, au una mimba, au umejifungua katika miezi ya karibuni.

Mtu akianguka mbele yako, haitiki wala hapumui sawasawa, mlaze chali, weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu mpaka kifua kishuke kama sentimita 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta msaada na gari.

Hatua ya kwanza: hesabu mapigo yako

1. Keti kimya dakika tano, mgongo umeegemea, hujatoka kuvuta sigara wala kunywa kahawa.
2. Weka kidole cha shahada na cha kati chini ya mzizi wa kidole gumba cha mkono wa pili, upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Usitumie gumba, kwa kuwa lina pigo lake lenyewe na litakudanganya.
3. Hesabu kwa sekunde 60 kamili. Wenye haraka huhesabu sekunde 15 wakazidisha kwa nne, na kwa moyo unaokwenda ovyo hesabu hiyo haina maana.
4. Angalia mwendo wenyewe: umepangika, au umepangika lakini pigo moja moja huruka, au hauna mpango wowote, pigo hili karibu, lile mbali.

Mwendo uliopangika, unaopanda taratibu ukashuka taratibu, mara nyingi ni kazi ya adrenalini au homa. Mwendo uliopangika lakini unaoanza ghafla na kukoma ghafla hutia shaka ya ile njia ya ziada ya umeme. Mwendo usio na mpango kabisa hutia shaka ya mpapatiko wa vyumba vya juu. Pigo moja moja lililoruka humpata karibu kila mtu, na kwa mwenye moyo mzima si neno. Hizi ni dalili tu. Hukumu ni ya kipimo.

Hatua ya pili: weka daftari

Hapa ndipo utakapojua kweli kama ghadhabu ndiyo mchokozi wako. Usitegemee kumbukumbu, maana aliyekwisha kuamini kwamba tatizo lake ni mawazo hukumbuka siku alizogombana na kusahau siku alizokuwa ametulia. Kwa wiki nne andika kila tukio: tarehe na saa, ulikuwa ukifanya nini, ulikuwa katika hali gani ya nafsi, iwe hasira, fadhaa, simanzi au utulivu, ulikula, ulikunywa au ulimeza dawa gani kabla yake, mapigo mangapi na ya namna gani, yalianzaje, yalidumu muda gani, yalikomaje.

Mfano: "Jumanne, saa tatu usiku. Nimetoka kugombana na shemeji kwa ajili ya shamba. Mapigo 118, yamepangika. Yalipanda taratibu, yakatulia baada ya robo saa."

Na mwingine: "Alhamisi, saa nane mchana. Nimekaa nachambua mchele, sina neno. Mapigo ya kasi nisiyoweza kuihesabu. Yalianza ghafla, yakakoma ghafla, nikabaki natetemeka na hofu."

Aliyeandika mfano wa pili huenda akawa na hofu nyingi, lakini tazama mpango wa maneno yake: hofu ilikuja nyuma ya mapigo, haikuyatangulia. Ukiona hivyo katika daftari lako, piga mstari chini yake ili daktari asipitwe nalo.

Hatua ya tatu: pima

Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho watu wengi hukiita ECG, ni uzao wa kazi ya Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Unalala kitandani, unabandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na kwa dakika chache, bila maumivu yoyote, mashine inachora mwendo wa moyo katika karatasi. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: huchora moyo wa dakika zile tu. Kwa hiyo, aliyepimwa akiwa ametulia akaambiwa yu salama hajamaliza shauri. Tukio likikupata, kimbilia kituo cha karibu chenye mashine hiyo, omba uchorwe papo hapo, na ile karatasi itunze kuliko hati ya kiwanja. Kama matukio hayaji kwa miadi, omba mashine ndogo ya kuvaliwa kwa saa 24 au 48, iitwayo Holter kwa jina la Mmarekani aliyeibuni. Omba pia kupimwa presha, wingi wa damu, homoni za tezi la shingo, sukari na potasiamu, na daktari akiona inafaa, picha ya moyo ya eko inayoonyesha vali. Katika Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, Dar es Salaam, ndiyo ya taifa kwa mambo haya. Lakini huna haja ya kuanzia huko, kwani ECG hupatikana katika hospitali nyingi za mkoa na za watu binafsi.

Watu wengi hushindwa kujieleza mbele ya daktari, wakaishia kusema "moyo unanisumbua". Sema hivi: "Daktari, moyo hunienda mbio ghafla nikiwa nimetulia, kama mara mbili kwa wiki, kwa dakika ishirini hivi, nami nimeandika yote humu. Naomba nipimwe umeme wa moyo." Ukijibiwa kwamba ni mawazo kabla hujawekwa waya hata mmoja, usigombe, lakini usiondoke: "Huenda ikawa kweli, daktari, nami nitafurahi ikiwa hivyo. Naomba tuhakikishe kwanza kwa kipimo."

Hatua ya nne: la kufanya tukio likikujia

Ikiwa huna dalili yoyote ya kile kisanduku, keti, legeza nguo shingoni, uvute pumzi kwa pua kwa hesabu ya nne na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoka huuamsha mshipa wa vagasi, ule unaotuliza. Maji baridi usoni hufanya kazi hiyo hiyo, na nadhani wazee waliomwambia mwenye hamaki aketi na atawadhe waliiona faida yake kabla ya vitabu vya tiba.

Kwa yule ambaye daktari amekwisha kumthibitishia kwamba ana zile mbio za ghafla za njia ya ziada ya umeme, na akamruhusu kujisaidia, iko njia iliyojaribiwa Uingereza na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2015, ambayo iliurudisha mwendo kwa watu 43 katika mia, dhidi ya 17 kwa njia ya zamani:

1. Keti nusu umeegama kitandani.
2. Chukua bomba jipya la sindano la mililita 10, lisilo na sindano yake, ulipulize kwa mdomo kwa nguvu inayotosha kukisogeza kidogo kisukumio chake, kwa sekunde 15.
3. Papo hapo ulazwe chali kabisa, na mtu akuinulie miguu kwa sekunde 15.
4. Rudi kuegama, ungoje dakika moja, uhesabu tena.

Asiyethibitishiwa na daktari asiijaribu, wala mwenye presha ya macho, wala aliyepatwa na shambulio la moyo karibuni. Na kuminya mishipa ya shingo, jambo ambalo madaktari hulifanya kwa uangalifu wao, usilifanye kamwe nyumbani.

Vichocheo vinavyojificha nyuma ya dhiki

Mwenye dhiki hutafuta cha kuipunguza, na mara nyingi hicho hicho ndicho kinachomharibia moyo, kisha lawama ikaiangukia dhiki. Miraa, au mirungi, hutia mwilini kitu kinachofanya kazi kama ndugu wa adrenalini. Pombe ya mwisho wa wiki hujulikana kwa kuvipapatisha vyumba vya juu. Katika jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2020, wanywaji waliokwisha kupatwa na mpapatiko huo ambao waliacha pombe walirudiwa na ugonjwa mara chache kuliko walioendelea. Sigara haina mjadala. Kahawa, kinyume cha wanavyodhani wengi, kwa kiasi cha kikombe kimoja au viwili haikuonekana kuwadhuru watu wengi. Iache tu ikiwa daftari lako mwenyewe linaishuhudia vibaya. Kukoroma kwingi na kukatikiwa pumzi usingizini pia ni sababu, na mke au mume ndiye shahidi wake.

Dawa nazo zina hatari yake. Baadhi ya dawa za mafua zinazozibua pua hukimbiza moyo. Amitriptilini, ambayo watu hupewa kwa huzuni, maumivu au kukosa usingizi, na kwinini kwa malaria, huweza kuubadili mwendo wa umeme wa moyo, hasa kwa mwenye kasoro ya kuzaliwa nayo. Mwambie daktari kila unachomeza, pamoja na dawa za miti shamba, bila haya.

Kuiongoza ghadhabu

Waliowekewa mashine ndogo ya kushtua moyo kifuani walipoulizwa, katika uchunguzi wa Marekani, walikuwa wakifanya na kuhisi nini kabla mashine haijafyatuka, hasira ilitajwa mara nyingi zaidi kuliko katika nyakati zao za kawaida. Hivyo kwa mwenye ugonjwa uliothibitishwa, kuitawala hasira si adabu tu, ni sehemu ya tiba.

1. Ijue dalili yako ya kwanza: taya kukaza, sauti kupanda, masikio kuwaka. Kila mtu ana yake.
2. Ukiiona, keti. Sema, "Nipe muda, tutalizungumza kesho asubuhi," kisha ulizungumze kweli kesho, kwani jambo lililoahirishwa milele hurudi kifuani.
3. Mashauri ya fedha, mirathi na madeni yasifanywe usiku.
4. Andika madeni yako yote katika karatasi moja, kwa kiasi na tarehe. Deni lililoandikwa huweza kupangiwa njia ya kulipwa. Lililomo kichwani humfanya mtu akeshe bure.
5. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia kweli: ndugu, somo, imamu, padri, au mshauri wa hospitali. Mmoja anatosha.
6. Tembea nusu saa kila siku, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Ndiyo namna ya kuyatumia yale matayarisho ya mwili yasiyo na vita.

Nawe uliye jamaa wa mgonjwa, acha kumwambia "tulia", neno ambalo halijapata kumtuliza mtu. Mwambie, "Shangazi, keti hapa nikuhesabie mapigo," ukae naye.

Makosa yanayoonekana sana

Kosa kubwa ni kuazima vidonge. Propranololi ya jirani, inayopunguza kasi ya moyo, humsaidia jirani. Kwa mwenye pumu huweza kumfunga pumzi, na kwa mwenye moyo wa polepole huweza kuupunguza mwendo zaidi. Kosa linalolifuata ni kuziacha dawa za namna hiyo ghafla kwa sababu nafsi imetulia, kwani moyo uliozuiliwa huachiliwa kwa vurugu. Aliyepewa dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache kwa sababu ya kujihisi vizuri: inalinda dhidi ya kiharusi, na kiharusi hakibishi hodi. Anayekusudia kufunga Ramadhani naye aonane na daktari mapema kabla ya mwezi kuandama, ili saa za dawa zipangwe upya, kwa maana kuruka dozi na kukaukiwa na maji vyote huuchokoza moyo. Wengine huhesabu mapigo mara hamsini kwa siku kwa saa za mkononi za kisasa, na kila hesabu ikawazidishia hofu, na hofu ikawazidishia mapigo. Hesabu ukiwa na tukio, na mara moja asubuhi, basi. Na anayetaka kwenda kwa mganga au kusomewa dua, hatukatazi dua. Aende akiwa na karatasi ya ECG mkononi.

Juu ya mfiwa

Huko Denmark, ambako kila raia ana kumbukumbu ya hospitali, ilionekana kwa kuchunguza makumi ya maelfu ya wagonjwa, katika matokeo ya mwaka 2016, kwamba aliyefiwa na mume au mke huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na mpapatiko wa vyumba vya juu: kwa asilimia 41 zaidi katika siku 30 za mwanzo, ikiwa kali zaidi kwa walio chini ya miaka 60 na kwa waliofiwa ghafla. Kilele cha hatari hiyo kilikuwa kati ya siku ya 8 na ya 14, kisha ikapungua taratibu mpaka mwaka ulipotimia.

Linganisha na desturi yetu. Matanga hukaliwa siku tatu, nyumba imejaa watu, mikeka na masufuria; kisha jamaa hurejea makwao, na wiki ya pili, ile ile ambayo moyo uko hatarini zaidi, mfiwa hubaki na kuta. Kwa hiyo panga zamu. Siku ya nane mpaka ya kumi na nne, kila siku mtu mmoja amwendee, ahakikishe amekula, amelala, amemeza dawa zake za presha, na amshike mkono amhesabie mapigo kwa dakika nzima. Mapigo yakiwa hayana mpango, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mjane aliyemo edani, maana eda haimzuii mwanamke kwenda kutibiwa.